Jicho Kabla ya Mkono: Historia ya Uta Katika Bonde la Sabaki

Ndugu zetu wana wa Sabaki, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kila mwaka katika kijitabu hiki cha harambee huwa tunatenga kurasa chache za historia, ili anayechangia ajue anawachangia watu gani na wametoka wapi. Mwaka huu tumechagua habari za uta. Najua wapo watakaouliza: uta na zahanati wapi na wapi? Uta na madarasa ya shule vinahusiana nini? Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwa kuwa ombi tunalowaletea mwaka huu lilianzia penye uta.

NCHI YA WAPIGA UTA

Mto wetu una majina mawili. Maji ya Athi na ya Tsavo yakishakutana huitwa Galana, na mto ukikaribia bahari kaskazini ya Malindi huitwa Sabaki. Katika bonde hilo wameishi pamoja Wagiriama, wenye mashamba na mifugo, na Wawaata, watu wa pori ambao lugha yao ni ya jamii ya Kioromo. Majirani waliwaita Wawaata kwa jina la Walangulo. Wenyewe hawalipendi jina hilo, kwa hiyo hapa tunawaita kwa jina lao.

Wawaata walikuwa wawindaji wa ndovu, na silaha yao ilikuwa uta. Pembe walizozipata ziliwafikia Wagiriama na wafanyabiashara wa pwani, zikateremka hadi Malindi na Mombasa, na kutoka hapo zikapanda majahazi. Watu wengi waliovaa bangili za pembe ng'ambo ya bahari hawakujua kamwe kwamba mwanzo wa bangili ile ulikuwa ni mtu mmoja aliyenyatia ndovu kichakani, upepo ukimpiga usoni, akiwa na mshale mmoja uliokwisha tiwa sumu.

Uta wa Mwaata haukuwa kitu cha kuchezea. Wageni walioupima waliona kwamba kuuvuta mpaka mwisho kulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45 na kuendelea. Kwa kulinganisha, wanaume wanaoshindana katika Olimpiki siku hizi hutumia nyuta za ratili 45 hadi 50 hivi. Kijana wa leo anayejivunia kifua chake cha mazoezi angeushika uta ule akauvuta nusu tu, akaurudisha kwa mwenyewe kwa adabu.

Sumu nayo ilikuwa ufundi wa peke yake. Ilitokana na mti wa msunguti. Vipande vya mti huo vilichemshwa kwa saa nyingi mpaka yale maji yakawa mazito na meusi kama lami, kisha yakapakwa nyuma kidogo ya ncha ya mshale. Hapo mshale ulizungushiwa ngozi laini, ili sumu isikauke na pia isimkwaruze mwenyewe. Sumu hiyo huenda kwenye moyo na kuusimamisha. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa aitwaye Arnaud aliitoa sumu ya miti ya jamii hiyo ikiwa safi, ikaitwa ouabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali. Baadaye madaktari wa Ulaya waliitumia kwa vipimo vidogo sana kutibu wagonjwa wa moyo.

Wagiriama nao walikuwa watu wa uta. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wasiwatoe vijana wao kwenda kuwa vibarua wa wazungu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na askari wa Keya wakaletwa kuwahamisha waliokaa kaskazini ya Sabaki. Waliwakuta watu wenye uta na mishale mbele ya bunduki. Mwisho wa vita hivyo mnaujua. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, na watu wakatozwa faini. Lakini hadi leo hakuna asemaye kwamba wazee wale walikimbia kabla ya kuvuta.

UTA ULIVYOPANDA DARINI

Mwaka 1948 serikali ilitenga eneo la Tsavo kuwa mbuga ya taifa, zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ardhi ambayo Mwaata aliijua kwa kila kisima na kila njia ya ndovu ikawa ni kosa kuonekana ndani yake na uta. Kati ya mwaka 1956 na 1957 ulifanyika msako mkubwa ulioongozwa na walinzi wa mbuga, miongoni mwao David Sheldrick na Bill Woodley, na wawindaji wengi wa Kiwaata wakafungwa. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, uliokusudiwa kuwapa Wawaata nafasi ya kuwinda kwa mujibu wa sheria. Mpango ule haukudumu kama ulivyotarajiwa, na ardhi ile ikaishia kuwa ranchi ya ng'ombe. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima.

Hatuandiki haya ili kuwaita vijana warudi kuua ndovu. Ndovu wamebaki wachache, na sheria ni sheria. Tunaandika kwa sababu uta ulipopanda darini, ulipanda na elimu yake. Katika vitabu tulivyovisoma juu ya wazee hawa tumekuta mengi kuhusu nguvu za uta na ukali wa sumu. Tulichokikuta kidogo sana ni habari ya kulenga: mtu alisimama vipi, aliuleta mshale wapi usoni, na alitazama kwa jicho gani. Elimu hiyo haikuandikwa. Ilikaa ndani ya watu, na watu wenyewe wanatutoka.

MASHINDANO YA DESEMBA

Desemba iliyopita, kama kawaida, waliotoka Mombasa, Malindi na Nairobi walikuja nyumbani, tukafanya mkutano wetu wa mwaka. Baada ya hesabu kusomwa na chakula kuliwa, vijana waliomba mashindano ya uta. Gunia lilijazwa nyasi, likaegemezwa kichuguu, na mstari ukachorwa hatua kumi na tano kutoka pale.

Kijana mmoja wa miaka kumi na mitatu alipiga mishale mitano. Yote mitano ilipita kushoto ya gunia, karibu urefu wa mkono mzima, na yote ilichoma mahali pamoja. Watu walicheka. Mmoja wetu katika kamati, na hatutamtaja, alimwambia kwa sauti kwamba mkono wake unatetemeka.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe aliinuka. Huyu alikuwa kijana mdogo wakati wa ule msako wa miaka ya hamsini, na kazi yake ilikuwa kumbebea mjomba wake podo. Akaja taratibu na fimbo yake, akasimama mbele ya mtoto kama hatua nne.

"Mjukuu wangu, mkono unaotetemeka hauchomi mahali pamoja mara tano," alisema. "Acha macho yako yote mawili wazi. Ninyoshee kidole, unionyeshe ncha ya pua yangu."

Mtoto akanyoosha kidole. Mzee akatazama, akatabasamu, akatuita tuje tusimame pale aliposimama yeye. Ndipo tukaona. Kidole cha yule mtoto hakikuwa katikati ya uso wake, wala hakikuwa mbele ya jicho la kulia. Kilikuwa kimesimama sawasawa mbele ya jicho la kushoto.

"Huyu anavuta kwa mkono wa kulia na kutazama kwa jicho la kushoto," mzee alituambia. "Mkono na jicho haviko nyumba moja. Mpeni uta kwa upande wa pili."

Mtoto aliushika uta kwa mkono wa kulia na kuvuta kwa kushoto. "Babu, huu mkono hauna nguvu," alilalamika. Kweli, mshale wa kwanza ulianguka kabla ya kufika. Wa pili pia. Lakini yote miwili ilianguka kwenye mstari wa gunia, haikwenda kombo hata kidogo. Wa tano uligonga gunia. Safari hii watu hawakucheka, walipiga vigelegele.

JICHO KUU NI NINI

Tuliporudi mjini tuliuliza na kusoma, tukakuta kwamba alilolifanya mzee chini ya mwembe linajulikana na wataalamu tangu zamani. Mwaka 1593 Mwitaliano aitwaye Giambattista della Porta aliandika kwamba mtu anapolenga hutegemea jicho moja kuliko jingine, ingawa yote mawili yako wazi. Jaribio la kunyoosha kidole au fimbo linaitwa kwa jina lake hadi leo. Mnamo 1929 na 1930 Mmarekani Walter Miles alilichunguza jambo hilo kwa kuwataka watu watazame kupitia tundu dogo. Kila mtu alipeleka tundu kwenye jicho lake moja bila kujua kwamba amechagua.

Unaweza kujijaribu sasa hivi hapo ulipoketi. Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, kutanisha viganja mpaka libaki tundu dogo baina ya vidole gumba na vya shahada. Macho yote mawili wazi, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, taa au mlango wa nyumba ya jirani. Sasa funga jicho moja, kisha fungua na ufunge la pili. Jicho moja litaendelea kukiona kile kitu na jingine litaona mkono wako tu. Linalokiona ndilo jicho lako kuu.

Sababu ni nyepesi. Macho mawili yanaachana kama sentimita sita, kwa hiyo kila jicho linaona picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake. Ubongo huziunganisha picha hizo, lakini pale mtu anapotaka kuweka kitu cha karibu kwenye mstari mmoja na kitu cha mbali, hauwezi kufuata mistari miwili. Huchagua mmoja.

Watu wanaotumia mkono wa kushoto ni kama mmoja katika kumi. Lakini wenye jicho kuu la kushoto ni karibu theluthi moja ya watu wote. Kwa hiyo katika darasa la watoto 30 huenda ukapata watatu wanaoandika kwa kushoto, lakini wanaolenga kwa jicho la kushoto wakawa kumi. Hao wengi ni watoto wanaoandika kwa kulia kama wenzao, na hakuna anayewajua, hata wao wenyewe.

Kwa anayepiga uta tofauti hiyo si ndogo. Tufanye hesabu pamoja. Mpigaji anavuta kwa mkono wa kulia, na mwisho wa mshale uko chini ya jicho lake la kulia. Lakini anailinganisha ncha ya mshale na shabaha kwa jicho la kushoto. Basi mshale wenyewe umelala mshazari: nyuma uko kulia, ncha iko kushoto, sentimita sita katika urefu wa kama sentimita 70. Mpaka mshale umefika mita kumi, utakuwa umekwenda kushoto karibu sentimita 80. Katika mita ishirini, zaidi ya mita moja na nusu. Ndiyo mishale mitano ya mtoto wetu hiyo. Sasa fikirieni mtu aliyesimama mbele ya ndovu badala ya gunia. Mwenye kosa kama hilo asingepata nafasi ya kulieleza.

Haina maana kwamba aliye hivyo hawezi kupiga. Wengine hufumba jicho kuu wakalenga kwa lile jingine. Wengine kwa mazoezi ya miaka hujifunza kutoa ile tofauti bila hata kufikiri. Na wengine hugeuza mkono, hasa wakigunduliwa mapema, kabla mkono mmoja haujazoea. Makocha wengi siku hizi humpima mwanafunzi macho kabla ya kumkabidhi uta wa mkono wa kulia au wa kushoto.

Hapa ndipo tulipouona uzuri wa uta wa wazee. Uta ule wa mti mmoja hauna kulia wala kushoto. Ukiugeuza, unabaki uleule. Bunduki haiko hivyo. Lee-Enfield, iliyobebwa na majeshi ya Uingereza katika vita vyote viwili vikuu, ilikuwa na komeo upande wa kulia. Aliyelenga kwa jicho la kushoto ilimbidi aidha aupitishe mkono juu ya bunduki kila anapotaka kupakia, au ajilazimishe kwa jicho lisilo lake. Mwenye uta alimgeuzia mtoto chombo. Mwenye bunduki alimgeuza mtu afuate chombo.

KUONA MBALI SI KULENGA

Tusichanganye mambo mawili. Jicho kuu si lazima liwe ndilo jicho lenye nguvu zaidi ya kuona. Wala kuwa na jicho kuu la kushoto si ugonjwa, kama vile kuandika kwa kushoto si ugonjwa.

Yuko Mkorea wa Kusini anayeitwa Im Dong-hyun. Macho yake ni dhaifu sana, kiasi kwamba jicho lake la kushoto huona kwa hatua 20 kile ambacho mtu wa kawaida angekiona akiwa hatua 200. Shabaha ya Olimpiki huwa mita 70, na duara la katikati lina upana wa sentimita 12 tu. Mwaka 2012 huko London alipata pointi 699 kati ya 720, ikawa rekodi ya dunia. Alisema yeye huona rangi tu, bila kingo. Lakini mwili wake unajua mahali pake: mguu, bega, kidevu na jicho, kila kimoja kikirudi palepale kila mara.

Lakini mtoto mwenye macho kama hayo anahitaji walimu wanaojua macho yake yalivyo tangu mapema, wamjengee njia. Watoto wetu je?

MTOTO WA PILI

Tunarudi kwenye ile Desemba, maana hadithi haikuishia kwa yule kijana. Watoto walipoona mchezo wa kidole walimzunguka mzee, kila mmoja akitaka apimwe. Akawa anawaambia, "Wewe kulia. Wewe kulia. Wewe kushoto." Ikafika zamu ya msichana wa miaka sita. Kidole chake kilisimama kwenye jicho la kulia. Mzee akamwambia afunge hilo la kulia amtazame kwa kushoto.

Msichana akasema, "Babu, umepotea."

Watu walidhani anafanya mzaha. Mzee hakucheka. Alimwita mama yake, akamwambia kwa sauti ya chini ampeleke mtoto hospitali asingoje siku nyingi. Alipelekwa. Waliompima walieleza kwamba jicho lile la kushoto lilikuwa na tatizo la miwani tangu utotoni, na kwa kuwa picha yake ilikuwa na ukungu, ubongo ulikuwa umeanza kulipuuza kabisa. Wengi huliita jicho vivu. Haliumi, halitoi machozi, wala kwa nje halionekani. Mtoto mwenyewe hajui, kwa sababu hajawahi kuona kwa namna nyingine, na lile jicho zima humfanyia kazi zote.

Dawa yake ni miwani, na kulifunika jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Lakini dawa hiyo ina wakati wake. Hufaa zaidi mtoto akiwa bado hajapita miaka saba hivi, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo matumaini yanavyopungua. Msichana wetu amewahi. Sasa anavaa miwani, na jioni hufunikwa jicho, akilalamika kama watoto wanavyolalamika.

Lakini tulikaa tukajiuliza: asingefika kwenye mashindano siku ile? Mzee asingeinuka? Ni wangapi wameketi nyuma ya darasa, wakiambiwa wazembe, hali hawaoni ubao? Nasi tuliokuwa pale tulikuwa tayari kusema mkono unatetemeka. Hakuna aliyeuliza jicho.

OMBI LETU

Kwa sababu hiyo kamati imeamua kwamba sehemu ya harambee ya mwaka huu iende kwenye jambo moja: kila mtoto wa shule za msingi za eneo letu apimwe macho yote mawili, moja moja, kabla hajamaliza darasa la pili. Atakayehitaji miwani apewe, na atakayehitaji daktari asafirishwe. Hesabu kamili imo katika ukurasa wa bajeti mwishoni mwa kijitabu. Msiionee haya fedha ndogo. Mkaguzi mmoja wa macho kwa siku moja huwapima watoto wengi.

Na ombi la pili halihitaji fedha. Wazee waliojua uta wamebaki wachache, Wawaata kwa Wagiriama. Ukija nyumbani Desemba, keti na mmoja wao. Muulize alisimama vipi, alivuta mpaka wapi, alijuaje mtoto huyu apewe uta wa upande gani. Andika au rekodi kwa simu, utuletee. Mzee wetu wa chini ya mwembe alipoulizwa nani alimfundisha lile jaribio la kidole, alijibu kwamba mjomba wake alimnyoshesha kidole siku ya kwanza alipomwomba uta. Siku ile hakupewa uta. Aliambiwa kwanza ijulikane anatazama kwa jicho gani.

Wahenga walisema, mshale kwenda msituni haukupotea. Tuliyoyapoteza tunaweza kuyafuata tukayaokota, na mengine bado yako mikononi mwa wazee wetu. Karibuni nyumbani, karibuni kwenye harambee.

Ni sisi wenu,
Kamati ya Historia na Elimu